Tope la kiatu si alama ya kidole

Haya wasomaji wangu, leo tuyaache kidogo mambo ya simu mpya tuzungumze juu ya udongo. Ndiyo, udongo, huu huu tunaoukanyaga kila siku. Msiwe na wasiwasi, tutarudi kwenye tarakilishi kabla hatujamaliza.

Kisa ni hiki. Kijana mmoja aliniletea baruapepe yenye wazo la programu ya simu. Kachero anampata mshukiwa, anapiga picha ya tope lililoganda kwenye kiatu chake, picha inakwenda kwenye seva, seva inailinganisha na ramani za udongo za nchi nzima, kisha jibu linarudi: tope hili limetoka mahali fulani, uhakika asilimia 97. Alitaka nimsaidie upande wa seva. Nampongeza kwa bidii, lakini nilikataa. Naeleza hapa hadharani kwa sababu nina hakika hayuko peke yake mwenye wazo kama hili. Ramani za udongo zipo bure mtandaoni, simu zina kamera kali, na akili unde ya kutambua picha kila mtu anaweza kuikodi. Kilichobaki ni mtu kuviunganisha hivyo vitatu na kuwauzia polisi.

Msimamo wangu ni huu: udongo ni shahidi hodari sana wa kukanusha, na ni mwelekezi mzuri wa kumwonyesha mpelelezi pa kutafuta. Kama kitambulisho cha mahali, ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Programu ya namna hii inauchukua ule upande dhaifu, inaupaka rangi ya asilimia, na ule upande wenye nguvu inautupa.

Twende Ujerumani kwanza, maana huko ndiko mambo haya yalikoanza kuingia mahakamani. Mwaka 1904 mkemia wa Frankfurt, Georg Popp, aliletewa hanchifu chafu iliyoachwa mahali ambapo mwanamke aitwaye Eva Disch alinyongwa. Ndani ya kamasi iliyokauka, Popp aliona kwa hadubini vipande vya makaa ya mawe, ugoro, na chembe za madini, hasa yale yanayoitwa honiblendi. Mshukiwa, Karl Laubach, alikuwa mtu wa ugoro, alifanya kazi kwenye kiwanda cha gesi kilichochoma makaa ya mawe, na alikuwa na kibarua kingine kwenye machimbo ya changarawe. Suruali yake ilikuwa na matabaka mawili ya udongo: la ndani lilifanana na mahali mwili ulipokutwa, la nje lilikuwa na chembe za ulanga kama zile za kijia cha kutoka mahali pa mauaji kuelekea nyumbani kwa mshukiwa. Alipowekewa hayo mbele yake, alikiri.

Kisa kizuri, lakini kile cha 1908 ndicho ninachokipenda zaidi. Mwanamke mwingine, Margarethe Filbert, aliuawa karibu na Rockenhausen, katika eneo la Palatinate ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Bavaria. Mshukiwa alikuwa Andreas Schlicher, mtu wa hapo hapo. Alisema siku hiyo alikuwa akitembea katika mashamba yake. Popp akavichukua viatu vyake vya kutokea. Mke wa Schlicher alisema alikuwa amevisafisha usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa hiyo tope lote lililokuwemo lilikuwa la siku moja tu. Karibu na kisigino kulikuwa na tope nene, na Popp hakulikwangua lote pamoja. Alilibandua tabaka kwa tabaka. La kwanza, lililoshika ngozi ya kiatu, lilikuwa kinyesi cha bata bukini, kama kilichokuwa nje ya nyumba ya Schlicher. Juu yake majani. Kisha vumbi la mawe mekundu ya mchanga, kama ya mahali mwili ulipopatikana. Juu kabisa, mchanganyiko wa makaa ya mawe, vumbi la matofali na saruji, kama uliokuwa karibu na magofu ya ngome ambako bunduki, risasi na suruali ya mshukiwa zilipatikana zimefichwa.

Sisi wa programu kitu hiki tunakijua. Kila seva ina faili la logi, na kila tukio linaandikwa chini ya lile lililotangulia. Ukitaka kujua jana usiku seva ilianguka kwa nini, unasoma mistari kwa mfuatano wake. Kisigino cha Schlicher kilikuwa logi ya siku moja, iliyofutwa usiku wa jana yake na mkewe bila kujua anafanya nini. Ukilikwangua tope lote ukalisaga ndani ya kibakuli, utakuwa umechukua logi ukaipanga kwa alfabeti.

Lakini angalieni jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Mashamba ya Schlicher yalikuwa na mawe ya aina nyingine, pofiri, pamoja na kwazi nyeupe kama maziwa. Kwenye viatu vile havikuonekana hata kidogo. Maana yake maelezo aliyoyatoa mwenyewe hayakuweza kuwa kweli. Yale matabaka mengine yanasema "huenda alipita pale". Ukosefu wa pofiri unasema "hakupita alikodai". Haya mawili hayana uzito mmoja, na la pili ni zito zaidi.

Ukifuatilia kesi kubwa za baadaye utaona nguvu inabaki upande huo huo. Februari 1985 kachero wa Marekani wa kupambana na mihadarati, Enrique Camarena, alitekwa nyara mjini Guadalajara, Meksiko. Mwanzoni mwa Machi polisi wa Meksiko walivamia shamba moja katika jimbo la Michoacán, wenyeji wa shamba wakauawa, na baada ya siku chache mwili wa Camarena na wa rubani aliyefanya naye kazi ikapatikana karibu na shamba hilo. Hadithi ikawa imekamilika: wauaji wamepatikana, na wamekufa. Kila kitu kinafaa kufungwa. Tatizo lilikuwa udongo. Wataalamu wa FBI waliangalia udongo uliogandamana na miili hiyo wakakuta haukuwa wa shamba lile. Ulikuwa na chembe za mawe ya volkano ya aina isiyo ya kawaida, na baada ya kupekua ramani za miamba na kuwauliza wanajiolojia, utafutaji ulifika msitu wa milimani wa La Primavera, jimbo la Jalisco. Huko ndiko walikokuwa wamezikwa kwanza, kisha wakafukuliwa na kuhamishwa.

Udongo haukutaja jina la muuaji. Ulisema tu "si hapa", na neno hilo dogo likaangusha hadithi nzima.

Bosnia ilikuwa vivyo hivyo, kwa kiwango cha kutisha. Baada ya mauaji ya Srebrenica ya Julai 1995, makaburi ya pamoja yalifukuliwa kwa matingatinga mnamo Septemba na Oktoba mwaka huo, na mabaki yakasafirishwa kwenda kufichwa kwingine. Wachunguzi wa mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani walikuta makaburi ambayo udongo na chavua iliyokuwemo haikuwa ya bonde lile. Kwa kuunganisha hayo na maganda ya risasi, vitambaa vya kufungia macho, na katika kaburi moja vipande vya chupa na lebo zake, waliweza kuonyesha kaburi lipi lilitoka kwenye lipi. Hapo tena udongo haukusimama peke yake. Ulikuwa mmoja kati ya mashahidi kadhaa.

Sasa turudi kwa seva. Mwanafunzi yeyote wa sayansi ya tarakilishi anajua heshi. Ukipitisha faili kwenye SHA-256 unapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Badilisha nukta moja tu ndani ya faili, mfuatano wote unageuka. Kwa hiyo heshi mbili zikiwa sawa, unaweza kusema faili ni moja na ukalala usingizi. Watu wanapoona kwenye sinema mtaalamu akiangalia tope na kusema "hili limetoka bustani ya nyuma ya nyumba namba fulani", wanafikiri udongo una heshi. Hauna. Udongo ni kama kutafuta picha zinazofanana: jibu daima ni orodha ya vinavyokaribiana, na cha kwanza kwenye orodha si lazima kiwe chenyewe. Ni kile tu kilichokaribia kuliko vingine ulivyo navyo.

Na udongo hupenda kujirudia. Hili halihitaji kwenda Ulaya kujifunza. Limeelezwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika ya wakati huo, alitoa wazo ambalo sasa linafundishwa duniani kote. Aliona kwamba katika Afrika Mashariki udongo hubadilika kwa mpangilio ukishuka mlima: mwekundu juu, wa rangi nyingine katikati, mweusi wa mfinyanzi bondeni. Halafu mlima unaofuata mpangilio ule ule unaanza upya, na unaofuata tena. Aliuita katena, yaani mnyororo.

Fikiria maana yake mahakamani. Tope la mshukiwa linafanana na la mahali pa uhalifu, penye mwinuko. Vyema. Lakini linafanana pia na mwinuko wa ng'ambo ya mto, na wa ng'ambo ya pili, na huenda hata na wa nyumbani kwake. Mara nyingi ulichokipata ni "mahali pa juu ya mteremko wa aina hii", ambacho ni kitu tofauti kabisa na mahali pamoja kwenye ramani. Niliwahi kuandika programu ya kupokea matokeo ya vipimo vya udongo vya wakulima, na jambo lililonishangaza siku za mwanzo lilikuwa hilo hilo: mashamba ya kaunti mbili yakitoa namba zinazokaribiana mno, huku shamba moja, juu ya mteremko na chini yake, likitoa namba utakazodhani ni za nchi mbili.

Udongo mwekundu wa Kiambu unaendelea hadi Murang'a na kupita, kwa kuwa umezaliwa na mawe ya volkano yaliyofanana. Ule mweusi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, utaukuta Embakasi, Athi River, Kitengela, na Mwea vilevile. Halafu kuna lori. Mchanga wa mito ya Machakos na Makueni unasafirishwa na kumwagwa kwenye mijengo ya Nairobi kila siku. Fundi aliyeshinda akichanganya saruji mtaani Pipeline atarudi nyumbani na viatu vinavyosema alikuwa kwenye mto wa Ukambani. Programu itamwamini kiatu. Kuna mtu atakayeuliza mchanga wa mjengo ulitoka wapi?

Ramani zetu je? Zipo, na ni kazi nzuri. Ramani ya udongo ya Kenya nzima ya mwaka 1982 ilichorwa kwa kipimo cha 1:1,000,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita 10 ardhini. Mwaka 2020 ikaja iSDAsoil, ramani ya kidijitali ya Afrika yenye pikseli za mita 30 kwa 30. Piga hesabu: Kenya ina takriban kilomita mraba 580,000, kwa hiyo ni zaidi ya pikseli milioni 640 kwa nchi yetu pekee. Inapendeza machoni. Lakini hakuna mtu aliyechimba mashimo milioni 640. Sampuli za kweli ni chache mno ukilinganisha. Kilichojaza pikseli zingine ni makadirio ya tarakilishi kutokana na picha za setilaiti, mwinuko, mvua na kadhalika. Kwa mkulima anayetaka kujua atie chokaa au asitie, makadirio ni msaada mkubwa, na akikosea kidogo hasara yake ni mfuko wa chokaa. Kwa mtu aliye kizimbani, pikseli iliyokadiriwa haifai kuitwa ushahidi.

Tena ramani hizi zinapima vitu vya kilimo: uchachu, naitrojeni, kiasi cha mfinyanzi na mchanga. Kumbukeni kilichomnasa Schlicher. Hakikuwa uchachu wa udongo. Kilikuwa kinyesi cha bata, vumbi la matofali, vitu vya ajabu ajabu vilivyokutana mahali pamoja kwa mfuatano wake. Wastani wa mita 30 unafuta hivyo vyote, kwa sababu kazi ya wastani ni kufuta kisicho cha kawaida.

Kuhusu picha ya simu nisiseme mengi. Kamera ya simu hurekebisha rangi yenyewe kulingana na mwanga, na udongo ule ule ukiwa mbichi na ukiwa mkavu ni rangi mbili. Wataalamu hutumia kitabu cha rangi cha Munsell, wanaweka udongo kando ya kipande cha rangi na kulinganisha kwa macho, wakisema kama ulikuwa mbichi au mkavu. Baada ya hapo bado wanakwenda kwenye hadubini na mionzi ya eksirei kuyatambua madini. Rangi ni mlango tu.

Sasa hesabu inayoninyima usingizi. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme una kipimo kizuri kinachokosea mara moja katika 1,000, yaani katika kila mahali 1,000 pasipohusika, pamoja patafanana na sampuli yako kwa bahati. Ukilinganisha kiatu kimoja na mahali pamoja ulipopachagua kwa sababu nyingine, hilo ni kosa dogo. Lakini ukikiingiza kiatu hicho kwenye hifadhidata ya sehemu 50,000 ukaiambia itafute, utapata sehemu 50 zinazofanana kwa bahati tu. Katika hizo 50, kuna uwezekano gani kwamba moja iko karibu na mahali ambapo kuna kesi isiyotatuliwa? Mkubwa sana. Na hifadhidata ikikua ndivyo bahati mbaya inavyokua nayo.

Hili si la kubuni. Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid, Uhispania. Alama ya kidole iliyokuwa kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu iliingizwa katika hifadhidata ya FBI, mashine ikatoa orodha ya watu waliokaribiana nayo, na wataalamu wakamwangukia wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Walisema ni yake. Alizuiliwa karibu wiki mbili, hadi polisi wa Uhispania walipotangaza kwamba alama hiyo ni ya mtu mwingine, raia wa Algeria. FBI iliomba radhi, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikamlipa dola milioni 2. Hiyo ni alama ya kidole, ushahidi ambao umetumika mahakamani kwa zaidi ya miaka 100! Tope tunalitarajia lifanye vizuri zaidi?

Kuna na mwizi mjanja. Sisi tunasema usiamini data aliyoingiza mtumiaji kabla hujaikagua. Aldo Moro, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, alitekwa nyara na kundi la Red Brigades Machi 1978, na mwili wake ukapatikana Mei 9 ndani ya gari aina ya Renault 4 mjini Roma. Kwenye suruali, viatu na gari kulikuwa na mchanga. Mwanajiolojia Gianni Lombardi aliufuatilia kwa uangalifu mkubwa, akaupunguza utafutaji hadi kipande cha pwani chenye urefu wa kilomita 11 karibu na Roma. Kazi safi kabisa. Baadaye wanachama wa kundi hilo walidai kwamba mchanga ule waliuweka wenyewe kwa makusudi ili kuwapoteza wachunguzi. Sayansi inaweza kuwa sahihi kuhusu mchanga ulikotoka, na isiwe na la kusema kuhusu nani aliuweka na kwa nini.

Jambo ambalo halizungumzwi ni nani hasa ana tope kwenye viatu. Meneja anayetoka kwenye maegesho ya chini ya ghorofa na kuingia ofisini mwenye zulia hana tope. Mwenye tope ni fundi wa mjengo, ni mama wa shamba la chai, ni kijana wa boda boda, ni mtu anayetembea kutoka Kibera hadi Industrial Area alfajiri kuokoa nauli. Viatu vyao vina udongo wa sehemu kumi. Ukijenga mashine inayotafuta ufanano, hao ndio watakaofanana na kitu, kila siku. Na wengi wao hawana wakili wa kuuliza mtaalamu wa serikali swali la pili.

Swali la pili ndilo muhimu. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu maoni ya watu wenye ujuzi maalum katika mambo ya sayansi. Watu, si programu. Mtu unaweza kumuuliza: ulichukua sampuli ngapi kuzunguka pale? Ulikwenda nyumbani kwa mshtakiwa kupima? Ni sehemu ngapi nyingine zingefanana? Asilimia 97 iliyotoka kwenye seva unaiuliza nini? Na hata mtu akiwa na hadubini anaweza kupita mipaka. Mwaka 2015 FBI yenyewe ilikubali kwamba katika angalau asilimia 90 ya nakala za ushahidi wa mahakamani zilizokuwa zimekaguliwa, wataalamu wake wa kulinganisha nywele walitoa kauli zisizo sahihi. Nywele zilifanana, ndiyo. Walichosema kuhusu maana ya kufanana huko ndicho kilichozidi sayansi. Baadhi ya waliohukumiwa katika kesi hizo walikuwa wamekwisha kunyongwa.

Mtaniuliza, basi wewe ungejenga nini? Maana DCI walizinduliwa maabara ya kitaifa ya uchunguzi mwaka 2022, vijana wa jiolojia na kilimo wapo vyuoni, na itakuwa aibu kuuacha ushahidi mzuri upotee kwa hofu tu. Nakubali. Ningejenga kitu kisichovutia hata kidogo. Programu ambayo haina kitufe cha "tafuta". Badala yake inamlazimisha mpelelezi aandike hadithi mbili kabla ya kuingiza sampuli yoyote: mashtaka yanasema kiatu kilipita wapi, na mshukiwa anasema kilipita wapi. Bila hadithi ya pili, fomu haitumwi. Kisha inadai sampuli za pande zote mbili, pamoja na za nyumbani, kazini, na njia anayopita kila siku. Majibu yake yawe matatu tu: hadithi hii inakanushwa, hadithi hii haikanushwi, au sampuli hazitoshi. Asilimia hakuna. Na kila kipande cha tope kiingizwe kwa tabaka lake, picha kabla na picha baada, kama Popp alivyofanya mwaka 1908.

Pembeni, wanafunzi wapewe kazi ya kukusanya udongo wa sehemu za kawaida: vituo vya matatu, vijia vya mitaa, mijengo, maegesho, malango ya shule. Si sehemu za uhalifu. Data ya kuchosha. Bila hiyo hatuwezi kujua kitu gani ni adimu, na "yanafanana" linabaki neno tupu. Takwimu hizo ziwe wazi kwa wote, upande wa utetezi uzione sawasawa na upande wa mashtaka.

Sehemu ya kwanza ya mfumo huo haihitaji hata msimbo. Askari wa kituo afundishwe kwamba viatu vya mshukiwa visigongwe ukutani wala kufutwa ili "viwe safi kwa kielelezo". Viachwe vikauke vyenyewe, kila kimoja kiingie mfuko wake wa karatasi, si wa plastiki, tope likiwa limeshika pale pale lilipo, saa na jina la aliyekipokea vikiandikwa juu. Na sampuli za mahali alipodai mshukiwa kuwa zichukuliwe siku hiyo hiyo, maana masika ikianza, kijia cha jana hakitakuwa kile kile.